Magari Matatu ya Baba

Mwezi uliopita niliingia kwenye duka la vifaa vya magari kununua vitu vya kuoshea gari langu la kwanza, gari dogo la mkono wa pili ambalo bado lina harufu ya mwenyewe wa zamani. Dada wa dukani akanipangia chupa na makopo mezani kama anayemtandikia mgeni chakula. Alipofungua kopo la waksi ili niione rangi yake, ile harufu ikanipanda puani, nikasahau nimefuata nini. Kuna mafuta ya taa ndani yake, kidogo, na nta, na kitu kitamu kisicholiwa.

"Kali?" akaniuliza.

"Hapana. Funga tu, nachukua."

Sikuweza kumweleza kwamba nilikuwa nimeshatoka dukani kwake. Nilikuwa Ukonga, uani kwetu, niko darasa la pili, na baba yangu amekunja suruali hadi magotini, povu linamchuruzika kwenye viwiko.

Baba alikuwa dereva wa ofisi moja ya mjini. Kwao ni Kyela, na ulimi wake haukuwahi kupatana na herufi r. Gari kwake lilikuwa "gali" na barabara "balabala". Sitaandika hivyo hapa, lakini wewe msikie hivyo. Ijumaa jioni alikuwa akija na gari la ofisi, jeupe, refu, akaliegesha uani mpaka Jumatatu alfajiri, na Jumapili tukitoka kanisani aliliosha taratibu mpaka likawa kama sahani ya wageni. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba lile gari ni letu, na hakuna aliyeniambia kwamba si letu. Mtoto akiachiwa achague mwenyewe, anachagua lililo zuri.

Ijumaa moja akarudi kwa miguu. Mkono mmoja alishika chupa yake ya chai, mwingine mto aliokuwa akikalia kwenye usukani. Nilimkimbilia nikamuuliza gari liko wapi.

"Limebaki kazini."

"Na wewe?"

"Mie nimetoka," akasema, akanipa mto niubebe.

Kesho yake nilimsikia Mama akiongea na jirani, Mama Zuhura, kwenye ukuta wa matofali unaotutenganisha. Mama alikuwa anaongea kwa sauti ya chini, ile ambayo watoto huisikia vizuri kuliko zote. "Wamempunguza," alisema. "Miaka kumi na moja, halafu wamempunguza."

Kupunguza nilikuwa nakujua. Gauni langu la Krismasi lilikuwa la binamu yangu, na fundi alilipunguza mabega na kiuno ndipo likanikaa. Kwa hiyo nilimtazama Baba kwa woga. Alipopita mlangoni niliangalia kichwa chake kinafika wapi kwenye fremu. Kilifika palepale. Nikatulia. Lakini wiki zilivyopita, akiwa anakaa tu kwenye kiti cha plastiki na redio, nilimwona siku moja akitoboa tundu jipya kwenye mkanda wake kwa msumari wa moto, na nikajua wameanza, na wameanzia kiunoni.

Aliyemwinua kwenye kile kiti ni jirani mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Alisimamisha gari lake getini akamwambia, "Bwana, lile gari la ofisi lilikuwaga linang'aa mpaka mke wangu ananisema. Nioshee na hili basi." Mama akatoka mbio na sabuni ya unga na dodoki. Baba akavitazama vile vitu kwa heshima, kisha akamrudishia.

"Mama Tusa, hiyo ya kufulia inakula rangi. Na dodoki ni la sufuria na migongo yetu. Nikianza kazi hii, naianza kama inavyotakiwa." Akanigeukia. "Vaa viatu. Tunaenda Buguruni."

Mpaka leo, mtu akiniuliza anunue nini kwa kuanzia, nasikia sauti ya Baba dukani siku ile. Mwenye duka alikuwa bwana mnene mwenye kofia ya darizi, maneno yake matamu. Aliposikia mteja anataka kuosha magari nyumbani akafurahi sana, akaanza kuteremsha vitu kutoka rafu za juu kabisa.

"Anza na hii mashine ya presha, bwana wangu. Waiwasha tu, gari lajiosha lenyewe."

"Umeme wa kwetu wenyewe hauna presha," Baba akasema. "Nipe ndoo."

"Ndoo moja?"

"Mbili. Na zisifanane."

Alinichagulisha mie. Nikachukua nyekundu na ya bluu, na palepale, katikati ya wateja, Baba akachuchumaa akanieleza. Nyekundu ni ya sabuni. Bluu ni ya maji matupu. Sponji ikishapita kwenye gari inakwenda kwanza kwenye bluu, inatema mchanga wake, ndipo inarudi kwenye nyekundu. "Ukiwa na ndoo moja, Tusa, unauchukua mchanga wa gari, unaurudisha kwenye sabuni, halafu unalipaka tena. Mwenye gari anaona povu, anafurahi. Jua likitoka ndio anaona mikwaruzo." Sisi watu wa Ukonga mchanga tulikuwa tunaulalia, kwa hiyo nilielewa.

Kisha ikawa zamu ya sponji. Alizijaribu shavuni. Nakumbuka mwenye duka alivyobaki kumtazama mtu mzima anajisugua shavu kwa sponji kavu, moja baada ya nyingine, macho ameyafumba. Ya nne akanisugua nayo mie.

"Inakwaruza?"

"Inatekenya."

"Basi hii. Ikikukwaruza wewe, na rangi italalamika."

Brashi alichukua moja tu, ngumu, akasema hiyo ni ya matairi na isiguse kitu kingine hata kwa bahati mbaya. Sabuni ya maji ya magari alichukua chupa ndogo. Dawa ya kung'arishia matairi aliishika, akaisoma, akairudisha rafuni. "Wewe utangoja," akaiambia. "Kwanza tujifunze kuosha." Palipotokea ubishi ni kwenye kile kipande cha ngozi laini ya kukaushia. Mwenye duka mwenyewe alimwonea huruma.

"Hii ya ghali, bwana. Kanga ya mama yatosha."

"Kanga inaacha nyuzi. Na maji yakijikaukia yenyewe yanaacha madoa. Bora nikose mashine." Akaiweka ngozi ile begani kwangu, imekunjwa, laini kama sikio la mbuzi. Mwisho kabisa akachukua kopo la waksi, lililo dogo kuliko yote, akalifungua na kunipa ninuse. Hivyo ndivyo ile harufu ilivyoingia maishani mwangu.

Magari yakaanza kuja. Kwanza la jirani, halafu la rafiki wa jirani, halafu ya walimu, ya wachungaji, ya watu waliokuwa wakipita tu wakaona boneti inameremeta. Baba aliosha kuanzia juu kushuka chini, kwa sababu uchafu nao unateremka. Alinipa kazi mbili. Ya kwanza kubadilisha maji ya ndoo ya bluu yakichafuka. Ya pili ilikuwa ya heshima: mswaki wa zamani wa Mama, ambao niliingia nao ndani ya gari nikasugua vitundu vya kutolea upepo na mifereji ya vitufe, mahali ambapo vidole vya Baba havikufika. Nilikaa kwenye viti vya watu kama malkia. Kila gari lilikuwa na siri zake chini ya viti: pipi zilizoyeyuka, hereni, kitabu cha nyimbo za kanisani, kiatu kimoja cha mtoto.

Asubuhi moja Mama Zuhura aliuliza ukutani, "Mzee yupo?" na Mama akajibu kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwake kwa miezi, "Yupo, lakini leo hashikiki. Ana magari matatu."

Ana magari matatu. Mlitaka nielewe vipi? Neno hilo nililisikia kwa masikio yangu, kwa mama yangu mzazi, na uani nilikuwa nayaona, moja la bluu, moja la fedha na moja la rangi ya maziwa ya chai. Kila kitu kikajipanga. Wale mabwana waliokuja jioni, wakampa Baba kitu mkononi, wakashukuru, wakaondoka na gari, walikuwa wamekuja kuazima. Baba yangu alikuwa anaazimisha magari! Ndiyo maana aliacha kwenda kazini. Ya nini mtu mwenye magari aendeshe la ofisi?

Shuleni nilikaa dawati moja na Lulu. Baba yake Lulu alikuwa na gari, la kijani, moja, na Lulu alilitaja kila siku ya Mungu. Nilivumilia mwaka mzima. Jumatatu ile sikuvumilia tena. Nilimwambia sisi tuna matatu, na kwamba wiki iliyopita yalikuwa mengine, maana Baba anabadilisha. Lulu aliniuliza nani anayaendesha. Nikasema dereva. Aliniuliza baba yangu anavaaje. Nikasema suti. Nilipoanza kusema sikujua kusimama. Kufikia Ijumaa nilikuwa nachaguliwa wa kwanza kwenye mchezo wa rede, na watu wawili walinipa maembe yao.

Jumamosi, jua likiwa la saa nne hivi, gari la kijani likaingia getini kwetu.

Nilimwona Lulu kwenye kiti cha nyuma kabla yeye hajaniona. Baba yake akashuka, mtu mrefu mwenye sauti ya upole, akamwita Baba aliyekuwa amepiga magoti kwenye tairi. "Nimeelekezwa hapa. Nioshee vizuri, ndani na nje, kesho tuna harusi. Ukimaliza nitaondoka nalo."

Nilisimama na ndoo ya bluu mkononi na akili yangu ikafanya hesabu ambayo haikutaka kuifanya. Gari la kijani nilikuwa nalijua. Lilikuwa la kina Lulu. Lulu amelitaja kila siku ya Mungu. Kama la kwao limekuja kwetu, na likimalizika litaondoka, na baba yake ndiye mwenyewe, basi la bluu je? Na la fedha? Na lile jeupe refu la zamani?

Lulu alikuwa ameshashuka. Alimtazama Baba, suruali imelowa, fulana ina tundu, akafungua mdomo kama mtoto yeyote aliyelelewa: "Shika..." Halafu akasita, akanisogelea, akaninong'oneza, "Ndiye baba yako?"

"Hapana," nikasema. "Kijana wetu wa kazi."

Sikunong'ona vya kutosha. Baba alikuwa umbali wa mkono. Niliuona mgongo wake ukisimama kidogo, kama mtu aliyeguswa na maji ya baridi. Na Lulu, ambaye sasa alijua anaongea na nani, akaimeza shikamoo yake.

Baba akainuka. Akafuta mikono kwenye suruali, polepole, kidole kimoja kimoja. Nilidhani atanipiga kibao, na ningeshukuru. Badala yake akainamisha kichwa, kama wanavyofanya watu wa kazi kwenye nyumba za watu, akasema, "Dada Tusa, waombe wageni wakae kivulini. Mie naendelea na kazi."

Dada Tusa. Kijana wa kazi anavyomwita mtoto wa bosi wake.

Nikawatolea viti. Baba yake Lulu alinitazama, akamtazama Baba, akaanza kukagua kucha zake. Baba akaosha lile gari kuanzia juu kushuka chini, kama alivyoosha mengine yote, ila maji ya ndoo ya bluu alibadilisha mwenyewe. Hakuniita. Na ingeishia hapo, pengine ningelibeba lile neno mpaka leo bila mtu mwingine kujua, kama Mama asingetoka jikoni, amejifunga kanga kiunoni, kikombe mkononi.

"Baba Tusa," akaita, "chai yako inapoa, na wewe unavyojua kujisahau. Ah, kumbe una wageni! Tusa, umewasalimia?"

Sikungoja kuona uso wa Lulu. Nilikimbia nyuma ya banda la kuku, nikakaa kwenye mavi ya kuku na gauni langu safi, nikaziba masikio. Nilikaa mpaka niliposikia gari likiondoka, na hata baada ya hapo.

Baba alikuja kunitafuta akiwa na kile kikombe cha chai, hakijanywewa. Akachuchumaa mbele yangu kama alivyochuchumaa dukani.

"Umeniajiri lini?" akauliza. "Maana mwenzio nimezunguka mji mzima natafuta kazi, kumbe ilikuwepo hapahapa nyumbani."

Nilitaka kucheka, nikalia. Akaniacha nilie. Kisha akasema, bila utani safari hii, "Lakini imeniuma, Tusa. Nakwambia ujue. Sikwambii ili ulie zaidi."

"Samahani, Baba."

"Nimesikia."

"Haya magari si ya kwetu?"

Hapo ndipo uso wake ulipobadilika. Nadhani hakuwa amewaza hata siku moja kwamba nilidhani hivyo. Nikamweleza yote, yale matatu ambayo Mama alimtajia Mama Zuhura, mabwana wanaokuja kuazima, dereva, suti. Nikamweleza na kupunguzwa, na jinsi nilivyokuwa nampima mlangoni. Alisikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe chini, akajifunika macho kwa kiganja, mabega yakamtikisika, na sikujua kama anacheka au la. Mpaka leo sijui. Alipotoa mkono akanieleza moja baada ya jingine. Magari yote ni ya watu. Lile jeupe lilikuwa la ofisi. Kupunguzwa ni kuambiwa usirudi. "Mie sijapungua," akasema. "Njoo unipime sasa hivi ukitaka." Nililia tena, kwa uchungu wa mtu aliyepoteza magari yote kwa asubuhi moja.

Jumatatu darasa zima lilikuwa linajua. Lulu hakuweza kukaa nalo, na simlaumu. Hata mie nisingeweza. Waliniita "Mwosha Magari", na kwenye rede nikachaguliwa wa mwisho, na mmoja wa wale waliotoa maembe akayadai. Jumamosi iliyofuata nilijifanya naumwa tumbo. Nilimtazama Baba kupitia dirisha la chumbani. Alikuwa na gari moja tu siku hiyo. Aliosha, akachovya sponji kwenye ndoo ya bluu, akachungulia maji, akainua kichwa kutafuta mtu wa kuyabadilisha, akakumbuka, akaibeba mwenyewe. Mara ya tatu nilivaa ndala nikatoka. Sikusema samahani tena. Nilichukua ndoo tu. Yeye akasogea kidogo kunipisha bombani, akaniuliza, "Tumbo?" Nikasema limepona.

Baba yake Lulu alirudi baada ya wiki mbili, na baada ya hapo kila mwezi. Lulu alikuja naye. Mara ya kwanza alisimama mbali, anachora mchanga kwa kidole cha mguu. Baba ndiye aliyemwita akamwonyesha mswaki. Tuliingia wote wawili ndani ya gari la kijani, yeye upande wa abiria, mie upande wa usukani, tukasugua mpaka akaniuliza kama ni kweli kuna mtu aliwahi kuacha hereni. Nikamwambia ni kweli, na kwamba Baba alimpelekea mwenyewe mpaka kwake. Lulu akafikiri, akasema baba yake hajawahi kupoteza hereni. Tukacheka mpaka Baba akagonga kioo.

Baba aliosha magari miaka miwili uani kwetu kabla hajapata tena kazi ya udereva. Ya pale katikati nakumbuka vipande tu, lakini siku moja naikumbuka yote. Shule ilifunguliwa, tukapewa fomu za kujaza nyumbani. Miaka yote Mama ndiye aliyejaza. Siku ile alikuwa anakanda unga, akaniambia mwandiko wangu sasa unasomeka, nijaze mwenyewe. Nikakaa kwenye kizingiti, fomu juu ya daftari. Jina la mzazi nikaandika. Kabila, dini, mtaa. Nikafika kwenye kazi ya mzazi.

Nilimwona Baba akinitazama. Alikuwa ananyonga ile ngozi ya kukaushia, na alikuwa anaijua fomu ile. Miaka yote pale paliandikwa "dereva". Sikumuuliza. Niliandika kwa kalamu, herufi kubwa kubwa, nikakandamiza mpaka zikatokea ukurasa wa pili: Anaosha magari. Halafu nikampelekea asome, maana yeye ndiye wa kutia sahihi.

Alijikausha mikono vizuri kwanza. Akaishika fomu kwa ncha za vidole, mbali na maji, akasoma kuanzia juu. Kwenye kazi ya mzazi alikaa sana. Nilihesabu matone yanayodondoka kutoka kwenye bampa.

"Kuna nafasi hapa mbele," akasema hatimaye, akanionyesha na kunirudishia kalamu. "Ongeza: na kuyang'arisha."